Kompyuta mpya inakataa kufungua NAS ya nyumbani, ilhali ya zamani inaifungua

mwalimu_moro aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada katika jambo linalonisumbua tangu Jumamosi, na nitalieleza kwa urefu kidogo ili nisiwape kazi ya kuniuliza mambo ambayo ningeweza kuyasema mapema.

Nyumbani tuna NAS ndogo, yaani sanduku la kuhifadhi mafaili kwenye mtandao, yenye diski mbili, iliyounganishwa kwa waya kwenye ruta, ambayo tumeitumia tangu 2014. Ndani yake zimo picha za familia, mitihani na maandalio yangu ya masomo, na saa kadhaa za sauti ya marehemu baba akisimulia habari za ukoo wetu, ambazo wadogo zangu wananiomba kila mara. Kompyuta yangu ya zamani yenye Windows 10 Home inaifungua bila shida. Kwa kuwa Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nimenunua kompyuta mpakato yenye Windows 11 Pro, toleo la 24H2, na hiyo ndiyo inayogoma.

Nikiandika jina la sanduku, yaani `\\FAMILIA-NAS`, kompyuta inasubiri kitambo kisha inaleta hitilafu 0x80070035, kwamba njia ya mtandao haikupatikana. Nikiandika anwani yake, `\\192.168.1.20`, naambiwa kwamba sera za usalama za taasisi yangu zinazuia mgeni ambaye hajathibitishwa. Ujumbe huo umenichanganya, kwa sababu kompyuta ni yangu binafsi na haijawahi kuunganishwa na mtandao wa shule.

Nimejaribu `ping`, amri ya kuuliza kama kifaa kipo, na sanduku linajibu. Ukurasa wake wa usimamizi unafunguka kwenye kivinjari. Nimezima programu ya kuzuia virusi kwa dakika chache, hakuna kilichobadilika, nikaiwasha tena. Folda yenyewe inaitwa Familia na haijawahi kuwa na nywila. Yeyote aliye nyumbani alikuwa akiifungua tu. Je, tatizo liko kwenye kompyuta au kwenye sanduku?

waya_na_ruta alijibu:

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Sanduku la 2014 mara nyingi linatumia SMB1, toleo la kwanza la itifaki ambayo Windows hutumia kushirikisha mafaili. Tangu Windows 10 toleo la 1709, lililotoka mwaka 2017, SMB1 haiwekwi tena yenyewe kwenye kompyuta mpya. Fungua sehemu ya vipengele vya ziada vya Windows, weka alama kwenye SMB1, kisha uwashe kompyuta upya. Mimi nilifanya hivyo kwa diski ya mtandao ya ofisini kwetu na ikafunguka siku ileile.

fundi_tanga alijibu:

Mwalimu, nakuomba usiwashe SMB1 kwa sasa. Ndugu yangu hapo juu amesema kweli kuhusu historia yake, na amesaidia kwa nia njema, lakini dalili ulizoeleza hazielekei huko. Aidha, SMB1 ndiyo iliyokuwa mlango wa kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, kilichofunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kuzilazimisha hospitali za Uingereza kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro ile, kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huohuo, nao walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Mlango wa namna hiyo haufai kufunguliwa kwa kubahatisha.

Tuanze na kile ambacho kompyuta yenyewe inasema, maana Windows huonyesha ujumbe wa jumla kwenye dirisha la mafaili, lakini ukiiuliza kwa amri inakupa namba, na namba hiyo hupunguza sana kukisia. Fungua dirisha la PowerShell, programu ya Windows ya kuandikia amri, kwa njia ya kawaida, si kama msimamizi, uandike:

`Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445`

Mlango 445 ndio SMB inaoupitia. Jibu la `ping` linaonyesha tu kwamba kifaa kipo hai, na ukurasa wa usimamizi unapita mlango mwingine kabisa, kwa hiyo vyote viwili vinaweza kufanya kazi huku 445 umefungwa. Ukiona `TcpTestSucceeded : True`, basi waya, ruta na ngome ya kompyuta havina kosa, na tunaacha kuvisumbua. Ukiona `False`, tutaangalia kama kompyuta imeingia kwenye waifai ya wageni ya ruta, ambayo kwa kawaida huzuia vifaa visionane na vile vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani.

Kisha andika:

`net use \\192.168.1.20\Familia`

Hapo utaletewa namba. Ikiwa ni 53, kompyuta haijalifikia sanduku. Ikiwa ni 67, imelifikia lakini jina la folda si sahihi. Namba 86 au 1326 zinahusu jina la mtumiaji au nywila, na 5 inamaanisha umetambuliwa lakini huna ruhusa ya folda hiyo. Namba 384 ndiyo ingempa haki ndugu waya_na_ruta, kwa kuwa hiyo ndiyo Windows huitoa inapokutana na sanduku lisilojua chochote zaidi ya SMB1. Mimi natarajia 1272, ambayo maana yake ni kwamba sanduku limekukaribisha kama mgeni na kompyuta yako imekataa ukaribisho huo.

Mwisho, nenda kwenye kompyuta ya zamani, fungua folda ya Familia ili muunganisho uwepo, kisha kwenye PowerShell iliyofunguliwa kama msimamizi andika `Get-SmbConnection`. Tuletee kilichoandikwa chini ya safu ya `Dialect`. Hapo tutajua sanduku linazungumza toleo gani bila kubishana.

mwalimu_moro aliandika:

Asante sana, fundi. Nimefanya yote matatu jioni hii. Jaribio la mlango 445 limeleta `True`. Amri ya `net use` imeleta 1272, kama ulivyotarajia. Kwenye kompyuta ya zamani safu ya `Dialect` inaonyesha 2.0.2.

Swali langu sasa ni hili: kwa nini kompyuta moja imkubali mgeni na nyingine imkatae, hali sanduku na folda ni vilevile?

fundi_tanga alijibu:

Sanduku lako linazungumza SMB2, kwa hiyo suala la SMB1 tumelifunga. Ninafurahi kwamba hukuiwasha.

Ama kuhusu mgeni, jambo lenyewe liko hivi. Unapofungua folda, Windows hupeleka kwanza jina ulilotumia kuingia kwenye kompyuta. Sanduku halilijui jina hilo, na badala ya kukukatalia, linasema kwamba asiyejulikana aingie kama mgeni. Masanduku mengi ya aina hii yanatumia mfumo wa Linux na Samba, programu ya kushirikisha mafaili kwa SMB, na watengenezaji wengi walikuwa wakiyapanga hivyo ili mnunuzi asipate taabu siku ya kwanza. Windows 10 Home ilikubali mpango huo kimyakimya. Matoleo ya Windows 10 ya mashirika na ya elimu yaliukataa tangu toleo la 1709, na kuanzia toleo la 24H2 ukataaji huo umefika kwenye Windows 11 Pro. Ndiyo sababu ujumbe unataja taasisi ambayo huna: maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya kompyuta za kazini, nayo hayakubadilishwa yalipofika nyumbani.

Kuna badiliko la pili katika 24H2 ambalo ni muhimu kulielewa, kwa sababu wengi wanarekebisha la kwanza kisha wanashangaa kukwama tena. Windows 11 Pro sasa inadai kwamba kila kifurushi cha SMB kitiwe saini, ili mtu aliyejipenyeza katikati asiweze kubadilisha kilichomo. Ufunguo wa kutia saini hiyo unatokana na nywila ya mtumiaji. Mgeni hana nywila, basi hana ufunguo, na asiye na ufunguo hawezi kutia saini. Kwa hiyo hata ukiilazimisha kompyuta imkubali mgeni, itamkataa tena kwa kukosa saini, mpaka uzime na sharti hilo pia.

Ninachokushauri ni kumwondoa mgeni kabisa: fungua akaunti yenye jina na nywila kwenye sanduku, uipe ruhusa ya folda ya Familia, kisha kompyuta iingie kwa jina hilo.

kisiwani_seva alijibu:

Naunga mkono, na ninaongeza kwa sababu najua mtu akitafuta tatizo hili mtandaoni atakutana haraka na amri mbili zinazosifiwa sana: `Set-SmbClientConfiguration -EnableInsecureGuestLogons $true` na `Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false`. Ni amri halisi na zinafanya kazi, wala simlaumu aliyezitumia kwa saa moja akiwa anahamisha mafaili kutoka kwenye kifaa kinachokufa. Lakini Mwalimu, amri hizo hazibadilishi chochote kwenye sanduku. Zinabadilisha kompyuta yako, na mabadiliko hayo utakwenda nayo shuleni, kwenye mikahawa na kila penye waifai utakapounganisha. Kuanzia hapo kifaa chochote kitakachojifanya ndicho sanduku lako kitaaminiwa bila kuulizwa kitambulisho. Afadhali dakika ishirini za kulirekebisha sanduku kuliko hilo.

Kabla hujagusa mipangilio, nina ombi moja, na ninaliomba kwa moyo wote kwa sababu umetaja sauti za marehemu mzazi. Diski mbili ndani ya sanduku moja, hata kama zimepangwa zifanane, si nakala ya akiba. Zinakukinga diski moja ikifa. Hazikukingi ukifuta folda kwa bahati mbaya, umeme ukipiga sanduku zima, au sasisho likikwama katikati. Tumia kompyuta ya zamani, maadamu bado inafungua, unakili folda yote kwenye diski ya nje ya USB, ufungue mafaili machache kutoka kwenye nakala hiyo uhakikishe yanasikika, kisha uichomoe na kuiweka mbali na meza hiyo. Baada ya hapo ndipo uweke sasisho la mwisho la programu ya ndani ya sanduku lililotolewa na mtengenezaji, na uchague kiwango cha chini kabisa kiwe SMB2 na cha juu kiwe SMB3, ikiwa sanduku linakupa nafasi hiyo.

Kuhusu jina `\\FAMILIA-NAS` kutopatikana, hilo ni tatizo lingine dogo lililojichanganya na hili. Windows 11 huuhesabu mtandao mpya kuwa wa hadharani mpaka uiambie vinginevyo, na hapo huacha kutafuta vifaa jirani. Andika `Get-NetConnectionProfile` uone. Ukikuta `Public`, ubadilishe mtandao wa nyumbani pekee kuwa wa binafsi. Pia orodha ya vifaa vya mtandao iliyozoeleka zamani ilitegemea huduma iliyoondoka pamoja na SMB1, kwa hiyo sanduku kutokuonekana kwenye orodha hakuthibitishi kwamba halipo. Anwani ndiyo ya kutegemea.

mwalimu_moro aliandika:

Nimechukua siku mbili kujibu kwa sababu nimeanza na nakala. Kunakili kumemaliza usiku mzima, na asubuhi nimefungua sauti tatu za baba kutoka kwenye diski ya nje nikazisikiliza mpaka mwisho. Ninakushukuru, kisiwani_seva. Miaka yote hii nilikuwa nikiamini kwamba diski mbili zinatosha.

Sasisho limeingia salama. Nimefungua akaunti yenye jina `mwalimu`, nimeipa ruhusa ya kusoma na kuandika, na nimezima kuingia kwa mgeni. Mtandao kweli ulikuwa `Public`, nimeubadilisha. Lakini mambo mawili yamenikwaza.

La kwanza, nilipoandika `net use S: \\192.168.1.20\Familia * /user:mwalimu` nilipata namba 1219, ambayo haikuwamo kwenye maelezo. La pili, nilipofungua PowerShell kama msimamizi na kujaribu tena, amri ilikubali na kusema imekamilika, ila nikifungua dirisha la mafaili diski S haimo. Amri inasema ipo, macho yanasema haipo.

Tena, mwezi uliopita anwani ya sanduku ilikuwa 192.168.1.14, na baada ya umeme kukatika na kurudi ikawa hii ya 20. Nikiandika anwani kwenye amri, si itavunjika tena siku umeme ukikatika?

fundi_tanga alijibu:

Mwalimu, hapo ulipofika kazi kubwa imekwisha.

Namba 1219 inatokea kwa sababu Windows haikubali mtu mmoja awe na majina mawili tofauti kwa sanduku moja kwa wakati mmoja. Kuna muunganisho uliobaki kutoka kwenye majaribio ya awali, au kuna jina la zamani lililohifadhiwa. Tazama kwa `net use` peke yake, kisha uvunje miunganisho yote ya mtandao kwa `net use * /delete`. Amri hii inaondoa miunganisho tu, haifuti faili lolote. Baada ya hapo andika `cmdkey /list`, na ukiona anwani au jina la sanduku limo, liondoe kwa `cmdkey /delete:192.168.1.20`. Ikibidi, zima na kuwasha kompyuta.

Diski isiyoonekana haijapotea. Windows hutenga kazi za msimamizi na zako za kawaida kama watu wawili, hata kama wote ni wewe, na diski iliyounganishwa upande wa msimamizi haionekani upande wa pili. Ndiyo maana mwanzoni nilisisitiza dirisha lifunguliwe kwa njia ya kawaida. Ivunje huko ulikoiunganisha, kisha kwenye dirisha la kawaida andika haya mawili, moja baada ya jingine:

`cmdkey /add:192.168.1.20 /user:mwalimu /pass`

`net use S: \\192.168.1.20\Familia /persistent:yes`

Amri ya kwanza itakuomba nywila na kuihifadhi, ili usiulizwe kila asubuhi.

Kuhusu anwani, umeuliza jambo la maana sana. Ruta ndiyo inayogawa anwani, na ikizimika pamoja na vifaa vyote, hugawa upya kwa kadiri vinavyorudi. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP, yaani ya kugawa anwani, inayokuruhusu kuweka akiba ya anwani, chagua sanduku kwa namba yake ya MAC, ambayo ni namba ya utambulisho ya kifaa, na uliwekee 192.168.1.20 ya kudumu. Fanya hivyo kwenye ruta, si ndani ya sanduku, kwa sababu anwani iliyoandikwa ndani ya sanduku bila ruta kujua inaweza siku moja kugongana na simu ya mgeni.

mwalimu_moro aliandika:

Imefunguka. Diski S inaonekana, nimewasha kompyuta upya mara mbili na bado ipo, na akiba ya anwani nimeiweka. Jana umeme ulikatika kwa karibu saa nzima, uliporudi sanduku likarudi na anwani ileile. `Get-SmbConnection` kwenye kompyuta mpya sasa inaonyesha 3.1.1.

Limebaki jambo moja. Runinga ya sebuleni, ambayo ilikuwa ikionyesha picha kutoka kwenye sanduku, sasa inasema haina ruhusa. Mama anaipenda sana nafasi hiyo ya kuangalia picha jioni, nami sitaki kumrudisha mgeni kwa ajili ya runinga.

waya_na_ruta alijibu:

Mwalimu, hongera, na nimejifunza. Wiki hii nitakagua diski ya ofisini nione kama kweli SMB1 ilihitajika au nilibahatisha tu.

Kwa runinga, fungua akaunti ya pili kwenye sanduku, tuseme `sebuleni`, uipe ruhusa ya kusoma tu na kwa folda ya picha peke yake, kisha uandike jina hilo na nywila kwenye programu ya runinga inayofungua mafaili. Kama runinga haina mahali pa kuandika jina, angalia kwenye sanduku kama lina huduma ya DLNA. Hiyo haipiti SMB, inatoa picha na video kwa kuangalia tu bila kuruhusu kufuta wala kubadilisha, na runinga nyingi zinaitambua zenyewe. Ila ielekeze kwenye folda ya picha pekee, kwa kuwa kila kifaa kilichomo kwenye mtandao wa nyumbani kitaweza kuona kilichomo.

mwalimu_moro aliandika:

Runinga yetu haina mahali pa kuandika jina, kwa hiyo nimetumia DLNA, na nimeielekeza kwenye folda ya picha peke yake. Mama ameshakaa kwenye kiti chake. Asanteni nyote.